Biskuti za Jorunn na Kidonge cha Ingebrigt

Watu wa ukoo wa Skarbø hawakurithishana mashua wala shamba, walirithishana kisukari. Babu alikuwa nacho, baba alikuwa nacho, na Ingebrigt kikamkuta angali kijana, mwembamba kama ufito. Miaka yote alijidunga sindano tumboni, mpaka mwaka huu madaktari wa mjini Bergen walipoichunguza damu yake wakasema hiki ni cha ukoo, kidonge kidogo kinakitosha. Lakini sukari ikimpanda kabla ya mwaka mpya, sindano zinarudi palepale.

Na Desemba hiyo ikabisha hodi. Dada yake Jorunn huoka biskuti aina saba za Krismasi, na mgeni wake haondoki hajaonja zote. Ukiruka moja, hadi Pasaka kisiwa chao kizima kinajua umezitia kasoro.

Ingebrigt akajiona mjanja. Asubuhi akameza kidonge, kisha akashinda na njaa ili biskuti zisimpandishe sukari. Alipofika kwa dada yake mchana, mikono ilikuwa ikitetemeka na jasho linamtiririka, nje theluji hadi magotini.

"Wewe! Umelewa?" Jorunn akauliza.

"Sijalewa. Leta hivyo vifuniko vya ndoo."

"Biskuti zangu ndizo vifuniko vya ndoo?" Jorunn akaipokonya sahani mezani. "Mlevi hali kwangu hata punje! Ungali mtoto mdogo, hata kama nywele zimekwisha!"

"Dada... sukari..."

"Sukari gani, na pombe imekujaa hadi kwenye nyusi?"

Ingebrigt akaegemea ukuta, macho yakimzunguka. Hapo Jorunn akamkumbuka baba yao, alivyokuwa akiloa jasho vilevile akichelewa kula baada ya sindano. Sahani ikarudi mbio. Akamnywesha sharubati tamu, akimshika kidevu kama ndama.

Fahamu zilipomkaa sawa Ingebrigt, Jorunn akampigia simu muuguzi Ragnhild.

"Nani alimwambia afunge?" Ragnhild akafoka hadi Ingebrigt akasikia kutoka kwenye kochi. "Kidonge hicho kinaishusha sukari, mtu akishinda na njaa kinamwangusha! Mpe chakula sasa hivi. Kesho nitamuuliza daktari tukipunguze."

"Na sindano?" Ingebrigt akauliza kwa sauti ya mtoto.

"Ukila kwa wakati na kwa kiasi, hutaziona. Ukiendelea na akili zako hizo, sina la kukuahidi."

Jorunn akapika samaki na viazi kidogo, akasimama kando yake akimlinda mpaka sahani ikaisha. Ndipo akampa biskuti moja.

"Na zile sita?"

"Kila siku moja, baada ya chakula, na hapahapa mbele ya macho yangu. Nimekuona ulivyo, bwana."

Basi akawa anakwenda kula kwa dada yake, akinung'unika njia nzima. Mwaka mpya sukari ilikutwa imetulia, na Ragnhild akachukua sindano zote. Jorunn sasa anatangaza dukani kwamba kaka yake ametibiwa na biskuti zake, na Ingebrigt, kwa kuogopa kukosa chakula cha mchana, hambishii.