Ukingo wa Pangaboi la Baba Mkwe

Nilikwenda Ringwani kuposa, nikaishia kushika mkia wa ndege.

Wakati huo nilikuwa fundi wa mikanda mgodini Nyamongo, ile mikanda mirefu ya mpira inayobeba mawe. Kwetu ni Songea. Kikurya nilijua maneno machache tu, na yote nilifundishwa na bodaboda, kwa hiyo hayakufaa ukweni. Nikamchukua mfanyakazi mwenzangu, mzaliwa wa Tarime, awe mshenga wangu.

Baba wa mchumba wangu alikuwa fundi mstaafu wa magari ya watalii. Tukampa shikamoo, akaitikia, tukakaa. Mshenga akakohoa, akaanza hotuba aliyoifanyia mazoezi njia nzima. Kabla hajafika popote, mzee akanigeukia.

"Mura, kijana, unafanya kazi gani?"

"Nabandika mpira kwenye mikanda ya mgodi, baba, isiliwe na mawe."

Mzee akasimama. "Isiliwe na mawe? Njoo huku."

Tukamwacha mshenga na hotuba yake mdomoni.

Nyuma ya nyumba, kwenye banda ambalo ng'ombe wake walikuwa wamehamishwa, palikuwa na ndege. Ndogo, ya kiti kimoja, mzee ameiunda mwenyewe na kuifunga injini ya gari dogo la zamani. Mbele yake lilikaa pangaboi lenye mikono miwili: mbao zilizogundishwa pamoja, kisha zikavikwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa gundi. Alilichonga kiangazi kizima. Lilikuwa zuri la kutamani kulishika, ila ukingo wa mbele, ule unaokata hewa, ulikuwa umetafunwa kama gunzi.

"Sijaruka hata mara moja," akasema kwa uchungu. "Nimeikimbiza tu hapo barabarani. Linavuta changarawe lenyewe, halafu linaipiga lenyewe. Mvua nayo usiseme. Kwa kasi ile, tone la maji ni kokoto."

Ningekuwa na akili ningesema pole. Lakini anayeposa hathubutu kusema hajui. Nikasema, "Mpira, baba. Niachie mimi."

Jumamosi iliyofuata nilirudi na vipande vya mpira vilivyokwisha kutupwa, nikavibandika kwenye kingo zote mbili kwa madaha. Mzee akapanda, kavaa helmeti ya pikipiki. Breki za ndege hazikuwa za kuaminika, kwa hiyo mimi na mshenga tukashika mkia. Injini ikanguruma vizuri, kisha ndege nzima ikaanza kutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Mpira wa mkono mmoja ulikuwa mzito kidogo kuliko wa mwenzake, na kwa mzunguko ule hicho kidogo ni balaa.

"Zima, baba! Zima!"

Hakusikia. Kipande kikachomoka, kikapita juu ya paa kikipiga mluzi, na upande wa jikoni tukasikia sufuria ikilia.

Injini ikazimwa. Mama mkwe mtarajiwa akatokea, mwiko mkono mmoja, na mkono wa pili mpira wangu ukichuruzika mlenda. Kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Sijawahi kuiheshimu desturi hiyo kama siku ile: niliruka ua, nikaingia kwenye mahindi.

Mshenga akanifuata hukohuko, anahema. "Sasa hotuba yangu nitaianzia wapi?"

"Rudini!" mzee akaita. "Mtu haharibu kazi halafu akaondoka!"

Gundi yangu ilikuwa imeng'oa na kitambaa. Kila mwisho wa wiki nikawa Ringwani. Tulichanganya gundi na nyuzi za pamba zilizokatwakatwa, tukaziba mapengo, tukapiga msasa, kisha tukalipitisha pangaboi katikati kwenye nondo tuone mkono upi unashuka. Uliozidi uzito tukaupiga msasa tena. Mchumba wangu alileta chai bandani, na huo ndio ulikuwa uchumba wetu: mimi nimejaa vumbi jeupe hadi kwenye kope, baba yake katikati yetu.

Siku moja akaweka birika chini, akalitazama lile pangaboi. "Kwani lazima uwe mpira mnene? Bodaboda wanabandika plastiki kwenye matangi. Hata ukikwaruza na ufunguo, rangi haichubuki."

Mzee akanitazama. Mimi nikautazama msasa.

Nyamongo, kwenye kibanda cha stika, plastiki ngumu isiyo na maandishi ilikuwa imekwisha. Iliyobaki ilikuwa na maneno mekundu, CHUKI ZA NINI, tangu mwanzo wa rola hadi mwisho. Nikainunua hivyo hivyo. Mzee ni mzee wa kanisa. Aliyasoma, akayasoma tena.

"Likizunguka hayaonekani, baba," nikamwambia.

Tukaibandika kwa maji ya sabuni, tukasukuma mapovu yote nje, tukapima kwenye nondo. Hakuna mkono ulioshuka.

Watu wa usafiri wa anga walikuwa hawajaja kuikagua ndege, kwa hiyo ilikuwa ni kukimbia chini tu. Mashemeji zangu wakafagia barabara. Mzee akaikimbiza, na kwenye kimwinuko cha mwisho wa barabara magurudumu yakaachana na ardhi, kimo cha mbuzi, yakatua. Vigelegele vikapigwa. Mzee akaruka chini, akaenda moja kwa moja kuchuchumaa mbele, akapitisha kidole ukingoni. Plastiki ilikuwa imechubuka. Chini yake pangaboi lilikuwa zima.

"Halijaliwa!" akapiga kelele.

"Baba, umeruka!" mshenga akasema.

"Nimeona. Njoo uangalie ukingo."

Tangu hapo utaratibu ni huo: plastiki ikichoka inabanduliwa, inabandikwa nyingine, na mvua ikinyesha ndege haitoki bandani. Wazee wa ukoo walipokutana hatimaye kuzungumza habari ya ndoa, mshenga alisema maneno yake yote bila kukatizwa, wakakubaliana mchana uleule. Mimi sikusikia kitu. Mzee alikuwa amenituma bandani kubandua plastiki ya zamani.