Kufuata Ndoana za Otmar Mbamba Bay

Nilikwenda Mbamba Bay kwa sababu Mama alinituma nikachukue vitu vya marehemu mdogo wangu, Otmar. Si kwamba alikuwa na kazi navyo. Alisema hapati usingizi akijua fimbo ya kuvulia ya mwanawe, ndoana zake na mishipi yake viko mikononi mwa mtu aliyemuua. Mtu huyo ni Kandidus, mvuvi mwenzake Otmar. Siku ya maziko, hapa kwetu Ruhuwiko, Songea, Mama alimfukuza mbele ya waombolezaji wote, naye akaondoka, kofia mkononi.

Otmar alikuwa fundi seremala. Miaka minne iliyopita alipata kazi ya kutengeneza vitanda kwenye nyumba ya wageni kando ya Ziwa Nyasa. Huko akawaona wageni wakivua kwa fimbo yenye gurudumu la kukunjia mshipi, na moyo wake ukabaki kule. Vitanda vilipokwisha hakurudi Songea. Alinunua fimbo iliyotumika kwa mgeni aliyekuwa anaondoka, akajiunga na Kandidus, na kila akinipigia simu ilikuwa habari za samaki tu.

Mwezi wa tatu mwaka huu kambale alimchoma kiganjani kwa mwiba. Siku ya tisa taya zikakaza, akawa hawezi kufungua mdomo, na mgongo ukawa unapinda wenyewe. Alifia hospitalini siku tatu baadaye. Daktari alituambia ni pepopunda. Mama alilisikia jina hilo kwa namna yake: pepo. Na pepo, kwa Mama, hatoki hewani tu, hutumwa na mtu.

Lakini liko jambo ambalo Mama hakulijua. Jioni ile aliyochomwa, Otmar alinipigia simu. Alisema, "Dada, kambale kanichoma, mwiba umezama kweli. Kandidus ananilazimisha niende zahanati nikachomwe sindano." Nilikuwa kwenye cherehani, nina sare za shule za kumalizia. Nikacheka. Nikamwambia, "Mwanaume mzima, mwiba wa samaki nao unautakia sindano? Osha kwa maji ya chumvi, utapona." Akacheka na yeye. Otmar nilimlea mimi, maana Baba alifariki yeye akiwa na miaka mitano na Mama alikuwa akishinda shambani Matogoro. Nilichosema mimi ndicho alichofuata. Basi nilifunga safari nikiwa nimetumwa kwa muuaji, na ndani yangu najua kauli iliyomzuia Otmar kwenda zahanati ilitoka kinywani mwangu.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa stendi, nimefunga kanga mbili kwa baridi ya Songea. Mama alinisindikiza mpaka mlangoni mwa basi. Hakuniambia nisalimie mtu. Alisema tu, "Usile kwake."

Tulipofika njia panda ya Peramiho alipanda mama mmoja na mtoto mchanga, akaketi kando yangu. Mtoto alikuwa analia kilio cha kukatakata. Nikamuuliza kama anaumwa. "Haumwi, dada. Jana amechomwa sindano ya chanjo, paja linamuuma. Heri alie leo." Nikageukia dirishani. Mpaka Kigonsera sikusema kitu tena, na yule mama nadhani aliniona nina maringo.

Saa nne tulikuwa Mbinga. Abiria walishuka kununua ndizi na chai. Mimi nilibaki kitini. Baada ya hapo barabara inapita milima ya Wamatengo, ambako watu hulima kwa mashimo ya ngolo. Mlima mzima umechimbwa vishimo vilivyopangana kama masega ya nyuki, na kati yake kahawa na migomba. Otmar aliwahi kuniambia kwamba ukifika kona fulani ziwa linakutokea ghafla mpaka moyo unaruka. Lilitokea kweli, la buluu, halina mwisho. Nilitamani kumpigia simu nimwambie nimeliona, na kidole kilishafika kwenye jina lake.

Saa nane mchana nilifika nyumbani kwa Kandidus, nyumba ya matofali ya kuchoma nje kidogo ya mji. Ni mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba. Aliponiona alisimama, mikono ikaning'inia, kama mtu anayengoja kupigwa.

"Karibu, dada Vero."

"Nimefuata vitu vya Otmar."

"Najua. Vipo vyote."

Mkewe, Mama Aneth, alinitolea kiti na kuniwekea maji ya kunywa. Niliyaangalia yale maji, nikakumbuka agizo, kisha nikayanywa. Kandidus akatoka na fimbo iliyofungwa kwenye gunia safi na sanduku la mbao ambalo Otmar alilitengeneza mwenyewe, kona zake zimebana pasipo msumari hata mmoja. Nilipoona kazi ya mikono yake nikalia. Mama Aneth alinishika mabega, na mumewe akatoka nje, akarudi nilipokwisha kulia.

"Dada," alisema, "gari la kurudi ni kesho mchana. Asubuhi twende ziwani nikuonyeshe kila kitu na kazi yake. Ukivipeleka hivi hivi, nyumbani vitakuwa takataka tu."

Nilikubali kulala kwao. Sababu ya kweli ni kwamba niliogopa kurudi haraka.

Alfajiri tulikwenda hadi mahali ambapo mto mdogo unaingia ziwani, tukakaa juu ya miamba. Kandidus alifungua sanduku na kuanza kunieleza. Alikuwa anasema polepole, akigusa kila kitu kwa ncha ya kidole. Mshipi huu mwembamba ni wa magege, perege wa huku, kwa sababu magege ana macho na akiuona mnene haji. Huu mnene ni wa mbasa, samaki mrefu wa rangi ya fedha anayepanda mito wakati wa mvua; huyo ana nguvu, mwembamba ataukata. Ndoana inafuata ukubwa wa mdomo wa samaki unayemtaka. Chubwi, yaani kile kipande cha risasi kinachozamisha mshipi, kiwe kidogo kadiri maji yanavyoruhusu. Palikuwa na samaki wa bandia saba, wa mbao, amewachonga Otmar na kuwapaka rangi kama usipa, dagaa wa ziwa hili.

"Kabla ya kutupa, pitisha mshipi kati ya vidole," alisema. "Ukisikia mkwaruzo, kata hapo, ufunge upya. Lowesha fundo kwa mate ndipo ulikaze. Otmar alikuwa na haraka kwa mambo yote, lakini fundo alilifunga kama mtu anayesali."

Nikachukua ndoana moja na kuona jino lake, lile linalozuia ndoana isichomoke, limebanwa likalala. Nikamuuliza kama imeharibika.

"Hapana. Aliyabana yote kwa plaizi. Ndoana isiyo na jino inatoka upesi, kwa samaki na kwa kidole cha mtu."

Alinifundisha kutupa. Mara ya kwanza mshipi ulijisokota, ya pili ulinasa mwambani. Mara ya sita au ya saba fimbo ikapinda, nikapiga kelele. "Usivute kwa nguvu! Mwache akimbie, akichoka ndiyo unazungusha!" Tulimleta taratibu hadi ukingoni: mbasa jike, tumbo limejaa mayai.

"Lowesha mikono kwanza," Kandidus alisema. "Mkono mkavu unamtoa ute, na bila ute anaugua. Sasa kidole gumba mdomoni, shika taya ya chini. Mkono mwingine chini ya tumbo. Usimning'inize, taya itavunjika. Wenye mayai Otmar alikuwa anawarudisha."

Nilimshika majini, kichwa kikiwa kimeelekea mkondo. Alikuwa anahema. Halafu akajitikisa mara moja akatoka mkononi mwangu, na mimi nikabaki nimechuchumaa nimelowa mpaka kiunoni.

Jua lilipopanda Kandidus alinasa kambale. Nilisogea nyuma mpaka mgongo ukagusa mwamba. Kandidus alimfunika kwa kitambaa kibichi, akanionyesha: nyuma ya kichwa, kila upande, pana mwiba uliojificha kwenye pezi, una meno kama msumeno. Vidole vinapita nyuma ya miiba, kiganja juu ya kichwa. "Ukimshika mbele yake, akijitupa anakuchoma." Kisha alitoa ndani ya mkoba chupa ya maji safi, sabuni na kibati cha bandeji. "Hivi sikuwa navyo zamani. Sasa siendi majini bila hivi. Na mtu akichomwa hapa ufukweni, namfikisha zahanati mwenyewe, hata kama atanitukana."

Nikajua wakati umefika. Nikamuuliza, "Jioni ile alipopiga simu, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimekaa karibu naye. Simu ilikuwa kwenye spika, mkono mmoja ulikuwa unamuuma."

"Kwa hiyo ulisikia."

"Nilisikia, dada."

"Mbona hukusema pale msibani? Mama alikuita mchawi. Watu walikutemea mate."

Alimtoa kambale ndoana kwa plaizi kabla ya kujibu. "Ningesema nini? Mama alikuwa amepoteza mtoto mmoja. Nimchukulie na wa pili?" Akamfunika tena kambale. "Na mimi nilimwona hajaenda. Asubuhi yake nilimuuliza, akasema dada yake amemwambia aoshe kwa chumvi tu. Ningeweza kumburuta. Sikumburuta. Tulikwenda kuvua."

Sikumwomba msamaha kwa maneno, ila nilishika mkono wake wenye harufu ya samaki, na yeye hakuutoa. Mchana nilikula kwake, ugali na yule kambale, na Mama Aneth akanifungia usipa mkavu wa kupeleka nyumbani.

Saa mbili usiku basi lilitushusha Songea. Mama alikuwa amekaa sebuleni na taa imewashwa. Nikaweka sanduku miguuni pake.

"Amekupa bila ugomvi?"

"Mama, Kandidus hakumuua Otmar. Kandidus alimwambia aende zahanati. Mimi ndiye niliyemwambia asiende."

Nilimweleza yote, simu, cherehani, kicheko. Mama hakulia wala hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja tu: "Na wewe ulikaa msibani ukaniona namtukana yule mtu?" Nikasema ndiyo. Akainuka, akaingia chumbani.

Siku nne hakuzungumza nami. Siku ya tano, tukiwa uani, alisema, "Nipigie yule kijana simu." Nikapiga, nikamshikisha.

"Shikamoo, mama," sauti ya Kandidus ilisikika.

"Marahaba, mwanangu." Akavuta kigoda, akaketi. "Otmar, kabla mdomo haujafunga, mara ya mwisho kula, alikula nini?"

"Magege wa kuchoma, mama, na ugali wa muhogo. Alimaliza sahani. Aliomba nyongeza."

Mama akafunika uso kwa kanga, akalia kwa sauti, kilio ambacho hata siku ya maziko hakukilia. Kandidus hakukata simu. Nilimsikia upande wa pili na yeye analia.

Nimejifunza katika safari hii mambo ambayo fundi cherehani hakutegemea kuyajua: kwamba samaki hushikwa kwa mkono uliolowa, kwamba mwiba wa kambale uko pembeni, kwamba kidonda chembamba kilichozama ni kibaya kuliko kipana, kioshwe kwa maji safi na sabuni, na mtu aende akachomwe sindano siku hiyo hiyo bila kumuuliza dada yake. Nawaambia wateja wangu, nawaambia majirani, wengine wananiona nimezidi.

Mama na Kandidus wanapigiana simu kila Jumapili baada ya misa. Mimi na Mama tunapika pamoja, tunakula pamoja, tunasali rozari pamoja. Lakini tangu usiku ule niliporudi na sanduku ananiita Veronika. Zamani alikuwa ananiita mwanangu.