Herufi Mbili Kwenye Kioo cha Taa

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa karakana yetu ya Kilosa hakunipa bisibisi wala koleo. Alinipa ngazi. Alinionyesha taa ndefu ya tyubu iliyokuwa inapepesa kwenye dari ya ofisi, akasema, "Kijana, panda. Ukiishusha nzima, umepata kazi. Ukiivunja, rudi kwa baba yako relini." Baba yangu alikuwa mpiga nyundo wa njia ya reli, kazi iliyomleta huku kutoka mbali kabla sijazaliwa, nami sikutaka kabisa kuirithi nyundo ile. Nilipanda.

Ndivyo nilivyojifunza. Unazima swichi kwanza, hata kama mwenye nyumba anakuapia kwamba ameshazima. Tyubu ina pini mbili kila ncha, zimekaa ndani ya holda. Unaishika kwa mikono miwili, unaizungusha robo mzunguko mpaka zilegee, kisha unaishusha polepole kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Lakini kabla ya kuihukumu unabadilisha stata, kile kikopo kidogo kinachoiamsha taa, maana mara nyingi mgonjwa ni huyo. Ukisikia mngurumo, hiyo ni choki, lile bonge la chuma linalouzuia umeme usiingie kwa pupa. Ila ncha zikishakuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, tyubu imekwisha, usijisumbue.

Niliishusha nzima. Fundi Mkuu aliipokea, akatoka nayo mpaka nyuma ya karakana, akaipiga kwenye ukingo wa shimo la taka. Ilipasuka kwa kishindo nikaruka, vumbi jeupe likatufunika wote wawili. Alicheka mpaka akakohoa.

"Ikishakufa haina heshima tena," aliniambia. "Ipasue, shimo lenyewe dogo."

Nami nikazipasua kwa miaka thelathini na ushee.

Msomi wetu pale karakana alikuwa Msimamizi wa Stoo, bwana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku moja yalifika maboksi mapya ya tyubu, akatuita mafundi wote, akainua moja kuelekea dirishani. "Tazameni hapa, pembeni ya wati. Mnaona herufi mbili? H kubwa na g ndogo. Maana yake Halisi, Ghali. Na huu mchoro wa pipa la taka lililopigwa mkato, maana yake kitu hiki si takataka. Tyubu isiyo na alama hizi ni ya kughushi, msiiguse." Tulitikisa vichwa kwa heshima kubwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kiwanda cha ng'ambo kilijifunza Kiswahili lini.

Somo hilo nililitembeza nchi nzima ile. Nilipopelekwa Vidunda kufunga taa kwenye zahanati, wazee wa mlimani waliniuliza watajuaje taa nzuri dukani, nikawaambia watafute Hg. Waliandika, jamani! Watu wale wamesoma shule za misheni, hawasikii jambo bila kuliandika. Nilishuka mlima siku ile nimevimba kichwa.

Baadaye nilihamishiwa Mikumi, nikapewa nyumba za watumishi nizihudumie. Bosi wangu alikuwa Mhandisi, mtu wa maneno machache. Siku aliponipokea alisema, "Fundi, mimi nataka taa ziwake. Zilizokufa utajua mwenyewe pa kuzipeleka." Nikajua. Nilizipeleka nyumbani kwangu.

Sababu ilikuwa panya. Kila baada ya mavuno walituingilia kwenye mahindi mpaka usingizi ukawa shida. Jirani mmoja alimwambia mke wangu, Mama Zawadi, kwamba kioo kilichotwangwa kikachanganywa na ugali kinamaliza panya, na kioo cha tyubu ndicho laini kuliko vyote. Sijui kama kuna panya aliyewahi kufa kwa dawa ile. Nadhani wengine walinenepa. Lakini tuliiamini. Kila tyubu iliyokufa niliibeba begani hadi nyumbani, najiona mume anayeleta kitu, na Mama Zawadi akaitwanga kwenye kinu chake cha mninga, alichopewa na mama yake kule Malolo. Akimaliza alikisuuza, akakianika, na kesho yake akatwangia mahindi yetu. Tulifanya hivyo mwaka hadi mwaka. Binti yetu Zawadi hakuona, kwa sababu alikuwa anasoma bweni.

Sasa nimestaafu, tunaishi hapa hapa Mikumi, na Zawadi ni mwalimu wa kemia katika sekondari moja ya Kilosa. Mwezi uliopita alikuja kututembelea na mjukuu wetu Baraka, mtoto wa miezi tisa mwenye mashavu kama maandazi. Alinikuta juu ya ngazi sebuleni. Nilikuwa nabadilisha tyubu zangu nifunge taa za LED, maana zinakula umeme kidogo na mimi siku hizi naishi kwa pensheni. Zile za zamani, tano, nilikuwa nimeziegemeza ukutani.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mwanangu. Hebu shika hiyo moja uitazame vizuri kabla sijaipasua. Unaona hapo? Hg. Halisi, Ghali. Vitu kama hivi hamtaviona tena."

Aliitazama. Kisha akanitazama mimi kwa namna ambayo nadhani huwatazama wanafunzi wake waliopata sifuri.

"Nani alikuambia hivyo, Baba?"

"Msimamizi wa Stoo."

"Baba, Hg ni zebaki."

Nilicheka. Halafu nikaona yeye hacheki. Zebaki naijua, nani asiyeijua? Ni ile ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, inayoteleza kama maji ya fedha, ambayo kila siku redioni wanaambiwa wasivute mvuke wake kwa sababu unaharibu ubongo na figo na mtoto aliye tumboni.

"Zebaki ndani ya taa?" niliuliza.

"Ndani ya taa. Kidogo tu, nyingine ni mvuke, nyingine imeshikana na huu unga mweupe. Taa ikiwa nzima haina neno. Ikipasuka ndipo inatoka. Na pipa hilo lililokatwa linakuambia usiitupe kwenye taka."

Nilikaa papo hapo kwenye daraja la ngazi. Miaka thelathini na ushee! Mashimo yote yale, vumbi lote lile, na wale wazee wa Vidunda na madaftari yao! Nilitaka ardhi inimeze.

Mama Zawadi alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Aliuliza taratibu, kama anayeuliza bei ya nyanya, "Na zile tulizokuwa tunatwangia panya?"

Zawadi aligeuka. "Mlitwanga wapi, Mama?"

"Kwenye kinu."

"Kinu kipi?"

"Kile kile nilichokupa ulipoolewa."

Zawadi hakupiga kelele. Alimtoa Baraka mgongoni, akamkumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, akasema, "Ndicho ninachotwangia unga wa uji wake."

Sijawahi kupigwa na umeme katika maisha yangu yote ya kazi. Siku ile nilijua unavyopiga.

Kulipokucha tulikuwa hospitalini Kilosa, mtoto, Zawadi na mimi. Daktari, binti mdogo sana kwa macho yangu, aliniamkia kwanza kisha akamchunguza Baraka kuanzia utosini hadi kwenye nyayo. Alimuuliza Zawadi kama bado ananyonyesha. Alimtikisia Baraka funguo zake, mtoto akazirukia, akazitia mdomoni. "Uzito unapanda, anashika vitu, anacheka," alisema. "Kipimo cha zebaki hapa hatuna. Lakini miaka mingi imepita tangu mtwange taa, na kilichobaki kwenye mti wa kinu nadhani ni kidogo. Kiacheni hicho kinu, na mtoto mleteni kila mwezi nimtazame. Pole sana, Mzee." Nililia mbele za watu, na wala sioni aibu kulisema.

Kinu nilitaka kukichoma siku ile ile. Zawadi alinizuia, akasema moshi utatoka na kilichomo. Basi kimefungwa kwa nailoni nene, kipo stoo kwake, kinangoja. Tyubu tano nilizirudisha nzima ndani ya maboksi yake, na afisa afya alikuja akazichukua, nikamwomba aniambie zinakokwenda, akaniambia zinahifadhiwa mpaka zipate wa kuziharibu kitaalamu. Angalau hazikwenda shimoni.

Ninyi mnaobadilisha taa majumbani kwenu leo, nisikilizeni mimi niliyekosea. Msizipasue. Ikikuponyoka ikavunjika, toa watu nje, fungua madirisha, iache hewa ipite robo saa nzima. Usifagie, ufagio unalirusha vumbi hewani. Zoa kwa kipande cha boksi, pangusa kwa kitambaa kibichi, vyote hivyo uvitie kwenye chombo chenye mfuniko na uubane. Na mtu akikuelezea maana ya herufi asizozijua, hata kama amevaa miwani, muulize amezisoma wapi. Mimi ninamkasirikia sana Msimamizi wa Stoo, lakini yeye alisema mara moja tu. Aliyerudia maisha yake yote ni mimi.

Nilidhani hapo ndipo kumbukumbu hizi zitakapoishia. Lakini leo mchana nilikuwa nimekaa barazani nikiandika, Mama Zawadi kando yangu anachambua mchele.

"Baba Zawadi," alisema, "kule hospitali walimtazama mtoto."

"Ndiyo."

"Wakamuuliza Zawadi kama ananyonyesha. Wewe wakakupa pole."

"Ndiyo, mama."

Alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa uani. "Aliyekuwa anatwanga ni mimi. Na nilikuwa nafunga mlango wa jiko, vumbi lisiwafikie ninyi."

Hakuyasema kwa hasira. Nilimwondolea ungo mapajani, nikamwambia avae viatu, tukatoka kutafuta basi la kwenda hospitali Kilosa.