Sindano ya Zuhura

Harufu ya spiriti ikichanganyika na rangi mbichi ya ukutani hunirudisha sebuleni kwetu, Mtoni Mtongani, likizo ile ya Juni nilipokuwa na miaka kumi. Filamu za Kibongo zilikuwa zikipigwa karibu kila mtaa wa Temeke, na zamu yetu ilipofika, mama aliwapangisha watengenezaji sebule kwa wiki tatu. Waliipaka rangi nyeupe, wakaingiza kitanda cha chuma na meza ya vichupa, ikawa hospitali. Hadithi yao ilikuwa ya daktari aliyegundua sindano ya kuongeza akili, akaijaribu kwa binti wa kazi, yatima asiye na mtu wa kumuulizia. Binti anaerevuka siku hadi siku, mpaka wenye nyumba wanaanza kumwogopa. Sisi watoto tulichungulia kupitia pazia la koridoni, na majirani walipita mlangoni polepole kuliko kawaida, wakisalimia huku macho yako ndani. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na wageni wale walikuja na kamba ndefu za umeme zilizotambaa hadi chumbani kwetu.

Msichana aliyepangiwa kuigiza binti huyo hakutokea siku ya kwanza. Direkta, mtu mnene mwenye sauti ya kukwaruza, akamwona dada yangu Zuhura akifagia uani, akasema huyu ana macho ya mtu anayejua jambo na hasemi, akampa yeye nafasi hiyo. Tulicheka. Zuhura alikuwa na miaka kumi na tatu, amerudia darasa la nne, na hakujua kusoma. Shuleni walimwita Gogo. Nyumbani hatukulitamka jina hilo, lakini tuliishi naye kana kwamba ni lake. Msomaji wa nyumba nilikuwa mimi: maelezo ya dawa, barua za baba aliyekuwa kikazi Mtwara, matangazo ya mjumbe, vyote vililetwa kwangu. Nilikuwa mdogo wake, lakini karatasi ikifika alisimama pembeni yangu akingoja nimwambie imesema nini.

Direkta alimwahidi mama kwamba sindano imevunjwa ncha na ndani mna maji ya rangi. Siku ya kupiga tukio la sindano nilijibanza nyuma ya pazia. Daktari wa kuigiza, katika koti jeupe lenye mikunjo ya dukani, alimshika Zuhura mkono, akakandamiza. Direkta akashangilia kwamba imetoka vizuri. Hapo nikamwona dada Neema, mwanamke aliyeshika karatasi za maneno ya waigizaji, akimkimbilia Zuhura na pamba. Pamba ilipotoka mkononi ilikuwa na damu. Jioni nilimuuliza Zuhura wamemfanya nini. "Si ishu yako," alinijibu, akashusha mkono wa gauni.

Wiki moja baadaye tulitumwa dukani. Kwenye ukuta wa jirani palikuwa na maandishi ya mkaa niliyoyapita kila siku. Zuhura alisimama mbele yake, midomo ikicheza. "U-si... tu-pe... ta-ka," akasema, halafu akarudia kwa mkupuo: "Usitupe taka hapa." Hakunitazama. Aliendelea kutembea, na mimi nikabaki nimesimama. Tangu siku ile nikawa mpelelezi. Niligundua kwamba kila alasiri, wengine wakipumzika, yeye na dada Neema walijifungia stoo, nyuma ya nyumba, kimya. Akisinzia mchana nilimkagua mikono, na kila alama ya mbu kwangu ikawa tundu la sindano. Ningesema nilimwogopea, na kwa kiasi ni kweli. Lakini chini ya hofu hiyo palikuwa na kitu kingine: nikikosa mtu wa kumsomea, mimi ningekuwa nani pale nyumbani?

Nikamwambia Mama Chiku, jirani yetu, tukiwa bombani. Nilimnong'oneza, nikamwapisha asiseme. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. La kwangu lilikuja mbio. Kufikia Ijumaa mtaa mzima ulikuwa na habari. Wapo waliosema Zuhura anachotwa damu, wapo waliosema akili ile itamlipukia kichwani, na mama mmoja wa mtaa wa pili alimleta mwanawe aliyefeli hesabu, akauliza kama dozi imebaki. Jumamosi asubuhi mjumbe aliingia uani kwetu na kundi la watu, akataka kichupa. Direkta alicheka, akakifungua, akakinywa chote mbele yetu. "Maji na rangi ya chakula, wazee wangu!" akasema, ulimi wa kijani. Watu wakatazamana. "Huyo kanywa cha kuonyeshea," alisema Mama Chiku. "Chenyewe kiko wapi?"

Dada Neema akatoka stoo na daftari mkononi. Alieleza kwamba ile ncha iliyovunjwa kwa koleo ilibaki na ukingo mkali, ikamkwaruza mtoto, na kwamba alikuwa akimfundisha kusoma kwa sababu hakutaka kumkaririsha tu maneno ya filamu. "Ana akili, mama. Ukimsubiri, anasoma." "Miaka mitano shuleni imeshindikana," akasema mama, "kwako wiki mbili? Mie si mtoto, dada." Akawaambia wafungashe. Zuhura hakulia. Alisema tu, "Mama, nimesoma mwenyewe," akarudia, na kila aliporudia watu walizidi kutikisa vichwa. Mama alimnyang'anya dada Neema daftari, akalitia kwenye jiko la mkaa. Lilifunuka kabla ya kushika moto, na mimi, msomaji wa nyumba, nikasoma: "Mimi Zuhura. Mdogo wangu anajuwa kusoma. Na mimi." Herufi zilikuwa kubwa, zimepinda, zimefutwa na kuandikwa tena mpaka karatasi ikatoboka. Akili ya sindano isingehitaji kufutafuta hivyo. Nilijua palepale kwamba nimekosea, na nikanyamaza.

Zahanati walimpima damu, hawakuona kitu. Mama akasema dawa nyingine hazionekani. Filamu haikumalizika. Miezi kadhaa baadaye ilikuja barua ya dada Neema, ikimwalika Zuhura kwenye masomo ya Jumamosi nyumbani kwake Kinondoni. Mama alinipa niisome kwa sauti. Nilisoma salamu, nikasoma kwamba anatukumbuka, nikaikunja. Zuhura alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa. Hakusoma tena mbele yetu, alifeli la saba, na kwa miaka mingi niliendelea kumsomea: kadi za kliniki, ujumbe wa simu, mkataba wa chumba.

Sasa mimi ni mwalimu, Mikocheni. Wazazi hunitumia kwenye simu matangazo ya vidonge vya kumbukumbu na matone ya kuamsha ubongo, wakiniuliza kama yanafanya kazi. Zamani mtaa wetu uliogopa sindano isiyokuwepo; siku hizi watu wanaitafuta kwa hamu, na mimi naona ni imani ileile, kwamba akili haiwezi kuwa ya mtoto mwenyewe, lazima kuna aliyemtilia. Huwa nawajibu kwa ukali. Mwalimu mwenzangu husema namshuku kila mtu. Hajui ninayemshuku zaidi ni nani.

Mwezi uliopita nilivuka kwenda Kigamboni, kwenye chumba anachoshonea Zuhura, nikamkuta anasoma gazeti, ukurasa wa ndani, bila kuchezesha midomo. Hakulificha. Nilivuta kiti nikamuuliza tangu lini.

"Sikuwahi kuacha," alisema. "Nilikuwa nasoma magazeti ya kufungia maandazi."

"Na mie nikikusomea?"

"Nilikuwa nasikiliza kama unasema kweli."

Nilimuuliza kuhusu barua ya dada Neema. Alikunja gazeti taratibu, akasema aliitoa kwenye mkoba wa mama siku ileile, akaisoma yote, mara tatu.

"Sasa mbona hukwenda, dada?"

"Ningemwambia mama nimejuaje? Nimesoma?" Alicheka kidogo, akakivuta kitambaa kwenye cherehani. "Mngenirudisha zahanati."