Aliyewakatia wengine mizizi sasa anasubiri kukatiwa

Saa moja na nusu asubuhi, mwalimu wa biolojia ameinama juu ya meza ya maabara, wembe mkononi, jasho puani. Amebana mzizi mchanga wa mahindi ndani ya karoti iliyopasuliwa, anakata. Kipande kinadondoka kwenye bakuli la maji na kuzama kama kokoto.

"Hicho ni cha kutia mchuzini, Mwalimu," anasema mama mmoja mnene mwenye koti jeupe, akicheka mpaka mabega yanatikisika. "Kata tena. Kipande kizuri ukikiweka juu ya gazeti, unasoma habari."

Wanafunzi humwita Mama Wembe. Ni mhudumu wa maabara wa shule hii ya sekondari. Kwa miaka kumi na tisa, hakuna aliyechungulia shina wala mzizi kwenye hadubini hapa bila kipande hicho kupita mikononi mwake.

Leo anafundisha yeye, tena roho juu. Jumanne ijayo, akiwa na miaka arobaini na sita, atafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kanuni hazimruhusu kujiandalia vifaa vya mtihani wake mwenyewe. Atakayemkatia ni mwalimu huyu huyu, na kipande kikiwa kinene, hadubini haionyeshi kitu ila giza.

Aliacha shule kidato cha tatu, mama yake alipopooza na nyumbani hapakuwa na mwingine wa kumuuguza. Akaja hapa kufagia. Jioni alipewa slaidi za wanafunzi, vile vioo vya kuwekea vipande, azioshe.

"Nilikuwa nazichungulia kwanza, ndipo nazisugua," anasema. "Hakuna aliyeniuliza mbona nachelewa kutoka."

Mwaka jana aliboronga. Asubuhi ya mazoezi ya mwisho ya wanafunzi, alizifuta slaidi arobaini na mbili kwa spiriti ili zing'ae, akasahau kwamba majina ya vipande yaliandikwa juu yake kwa kalamu ya wino. Ziling'aa kweli, na majina yote yakaondoka na kitambaa. Mwalimu akashika kichwa.

Mama Wembe akavuta kiti, akazichambua moja moja: mashina huku, mizizi kule. Saa moja haikuisha. Ikabaki moja ya kubishania. Mwalimu, akiwa mbiombio, alisema ni shina, maana katikati palikuwa na kiini laini, na mizizi mingi aliyozoea kuonyesha darasani ina mirija ya maji iliyojipanga katikati kama nyota. Mama Wembe akakataa katakata.

"Nilimwambia asitazame katikati, atazame mirija inavyokaa," anakumbuka. "Kwenye shina, mrija wa maji na mrija wa chakula inalala kitanda kimoja. Kwenye mzizi inapokezana, huyu hapa, mwenzake pale, kama ndugu waliokosana. Ule ulikuwa mzizi wa mahindi."

Mwalimu alifungua kitabu, akakifunga. Mchana ule ule akamletea fomu ya kujiandikisha.

"Niliona aibu kidogo kwa kukosea," anakiri. "Niliona aibu kubwa zaidi kwamba miaka yote hiyo nilikuwa namtuma maji ya kunawa."

Mumewe, fundi cherehani, analalamika kwa raha kwamba siku hizi mboga haziingii sufuriani kabla ya kukaguliwa mashina. Akifaulu, Mama Wembe ataomba nafasi chuo cha mafundi wa maabara. Koti jeupe jipya mume ameshalishona, limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba chao. Mwenyewe amekataa kulijaribu mpaka matokeo yatoke.

Kipande cha kumi na mbili kinaelea. Mama Wembe anakinyanyua kwa brashi, anakitia rangi nyekundu, anakifunika kwa kioo na kuinamia hadubini. Anakaa hapo muda mrefu mpaka mwalimu anauliza kama kuna tatizo.

Anapoinua uso, macho yamemjaa machozi na bado anacheka.

"Jumanne nikatie hivi hivi, Mwalimu," anasema. "Kama ni shina au mzizi, hilo niachie mimi."