Waya wa Lusenge, Bamba la Delphin

Lusenge alikuwa dereva wa lori la Kasonia, mfanyabiashara wa Butembo, na Delphin alikuwa dereva wake wa pili. Mwaka wa 2001, wakitoka Kasindi na shehena ya vitenge na sabuni, walipigwa risasi porini kabla ya kufika Beni. Wote wawili waliumia taya, wakalazwa Butembo kitanda kwa kitanda.

Daktari alikuwa na bamba moja tu la chuma, jembamba, lenye matundu ya skrubu. Alimwekea Delphin, maana risasi ilikuwa imeondoa kipande cha mfupa wake. Mfupa wa Lusenge ulikuwa umepasuka tu. Meno yake ya juu na ya chini yakafungwa pamoja kwa waya, asifungue mdomo kwa wiki sita, mfupa ujiunge wenyewe.

Lusenge hakukubali moyoni. Yeye alikuwa mtu wa magari. Kwake waya ulikuwa wa kufungia ekzosi ya gari bovu mpaka lifike garaji. Kazi ya kweli ni bamba na bulon, skrubu nene za kukazwa kwa spana. Delphin alipokula uji kwa kijiko, yeye alinyonya wake kwa mrija, jicho likiwa kwenye kijiko cha mwenzake.

Kisha Delphin akaanza kusimulia.

"Lusenge alizimia," aliwaambia wageni. "Njo mimi nilikamata volant, nikaponyesha gari mpaka Beni."

"Ee, Delphin, uko mwanaume!"

Hata Nadège, mke wa Lusenge, alimpakulia Delphin maharagwe yaliyopondwa.

Ulikuwa uongo. Lusenge ndiye aliyeendesha, mkono mmoja kwenye hiyo volant, usukani wa lori, mwingine ukishikilia taya. Alijaribu kusema, lakini kati ya meno ulitoka mvumo tu.

"Anasema ni kweli," Delphin akawafasiria wageni.

Jumamosi ya wiki ya nne Nadège akaleta habari. "Kasonia alinunua lori ya mupya. Kesho atakuja na funguo. Batu banasema ni ya Delphin."

Lusenge akamwonyesha kwa mikono amletee koleo la gari. Nadège alidhani anataka kukaza kitanda kilicholegea, akalileta. Asubuhi mumewe akageukia ukuta, akakata waya zote.

Kasonia alipoingia tu, Lusenge akaketi.

"Patron! Delphin ni muongo! Alikuwa chini ya siti, analilia mama yake!"

Taya likalia ko, likaenda upande. Akalishika kwa mikono miwili.

Kasonia alimtazama kwa huzuni. "Lusenge, mimi niko kipofu? Nilikuta damu yako kwa volant. Ya Delphin ilikuwa chini, kwa miguu. Hii funguo nilikuletea wewe. Docteur aliniambia umebakiza wiki mbili, nikasema nitangoja. Lakini sasa?"

Daktari alipapasa taya, akatikisa kichwa. Mfupa uliokuwa umeanza kushikana umevunjika tena, vipande. Sasa bamba lingefaa, naye hana jingine. Atafunga waya upya, wiki zianze mwanzo.

Kasonia akageukia kitanda cha pili.

"Wewe muongo, unaweza kuendesha?"

"Naweza, patron," Delphin akajibu, akitafuta viatu vyake.

Nadège alimshika mumewe bega. Lusenge akautoa mkono ule, macho yake yakiufuata ufunguo hadi mlangoni.