Meza Zilizo Juu ya Mzee Onsongo

Siku yangu ya kwanza kama askari jela, huko Nyansiongo, sikupewa bunduki wala filimbi. Nilipewa maiti. Mfungwa mmoja, Onsongo wa Manga, alikuwa amekufa kwa homa, na gengi, yaani kundi la wafungwa wanaotolewa kufanya kazi, lilihitaji askari wa kulisimamia likichimba kaburi.

Nilimwuliza Sajenti kama watu wa marehemu wameambiwa. Kwetu mtu hulala katika boma lake, hata kama aliiba kuku.

"Umekuja kulinda walio hai," Sajenti akasema. "Huyu amemaliza kifungo."

"Amebakisha miaka miwili, afande."

"Basi ataimalizia hapo."

Tukamzika nyuma ya jiko, kati ya mkaratusi na ukuta wa mawe. Nilipima kwa hatua, nikarudia. Mimi hata chenji ya kiberiti huhesabu mara mbili.

Baadaye nilihamishwa huku na huku. Nililinda lango, kisha nikawa koplo wa stoo, ambako maharagwe hupungua gunia likiwa limeshonwa. Mkuu wa gereza mmoja alipenda kutuambia, "Kazi yetu ni hesabu. Wafungwa wachuchumae wawili wawili, idadi ya jioni ilingane na ya asubuhi, mlango ufungwe." Aliyekufa alifutwa ubaoni, na hesabu ikalingana vizuri sana.

Nilipostaafu, gereza lile la Nyansiongo, lililojengwa na wazungu, lilikuwa limefungwa na kugeuzwa mahali pa kutembelewa. Kisha tukaenda Manga kupatana mahari ya Kwamboka, mchumba wa mwanangu. Nilikuwa nimejiandaa kupigania kila ng'ombe. Wakanionyesha nafasi tupu kando ya migomba.

"Hapo ni pa babu yake, Onsongo. Alifia jela. Hatukuonyeshwa kaburi."

Siku hiyo sikupunguza hata mkia.

Mwaka huu nikampeleka Kwamboka Nyansiongo kuonyeshwa kaburi, pamoja na nyanya yake, mjane wa Onsongo. Tukalipa kiingilio. Nyuma ya jiko nikakuta hema, meza za plastiki, muziki, na mbuzi akichomwa.

"Kaburi? Mzee, hapa ni pa nyama choma," meneja akasema. "Lakini tunaweza kuweka kibao kizuri. Nyanya naye tumpe soda."

"Ondoa meza."

"Tuondoe nusu?"

"Kijana, mimi nimekulia sokoni Keumbu. Najua kitu chenye nusu bei. Hiki hakina."

Kwamboka, ambaye kwa heshima ya ukwe huwa haniangalii machoni, akanishika mkono, akaniita baba kwa Kigusii. "Tata, wachana naye. Nyanya anauliza ni wapi."

Nikaonyesha. Wateja walikuwa wameketi pale wakila. Mjane akainama chini ya meza, akaokota mfupa wa mbuzi, akauweka taratibu kati ya sahani zao.

"Mume wangu si jalala," akasema.

Ninyi mnaoingia kazi hii leo mnafundishwa haki za mfungwa darasani. Vizuri. Ulizeni pia waliofia humo wamelala wapi, kabla mtu hajawasha jiko juu yao.

Kibali cha kumfukua tumekiomba. Kila tukienda ni njoo kesho, na hema bado liko. Kwa hivyo kila Jumapili nalipa kiingilio, naketi kwenye meza ile, siagizi kitu. Mteja akivuta kiti, namsalimu vizuri, kisha namwambia amekaa juu ya nani. Meneja anasema naharibu biashara. Namwambia bado sijaanza.